Mbatata za mwaka mzima: waliozipata na walionyimwa



Hapa Uingereza ninapoishi nina kishamba cha kukodi kwa halmashauri ya mji, vile ambavyo wenyewe wanaviita alotimenti. Wazee ninaopakana nao wana majivuno yao, na kubwa kuliko yote ni kusema kwamba kwao hawanunui mbatata dukani, Januari mpaka Disemba. Kila nikiyasikia hayo mimi huuliza suali moja tu: na mwezi wa Mei na Juni mnakula nini? Hapo utaona mtu anakohoa kidogo, anatizama matuta yake, halafu anakuuliza habari za nyumbani.

Suali hilo, kwa maoni yangu, ndilo historia nzima ya zao hili. Watu hudhani kazi ni kupata mavuno mengi. Mavuno si tabu sana, mbatata ni mmea mkarimu. Tabu ni ile miezi miwili mitatu ambapo za zamani zimeshachipua au zimeoza, na mpya ardhini bado ni kama punje za kunde. Ukifuatilia nani aliweza kuliziba pengo hilo na nani hakuweza, utakuta kwamba aliyelima kwa bidii zaidi siye aliyeshiba. Aliyeshiba ni yule aliyekuwa na ardhi yake na akaachiwa aamue mwenyewe apande nini na aweke nini.

Kwanza tuelewane kwa majina. Kwetu Unguja ni mbatata, neno la Kireno, na asili yake ni Karibiani ambako lilikuwa jina la kiazi kitamu. Bara wanasema viazi mviringo au viazi ulaya, Kenya utasikia waru, Wanyarwanda wanasema ibirayi, na sikio langu linasikia Burayi humo ndani, yaani Ulaya. Kwa hivyo nusu ya Afrika Mashariki inamsifu Mzungu kwa kitu alichokikuta kwa watu. Wenyewe ni watu wa milima ya Andes, kandokando ya ziwa Titicaca, Peru na Bolivia za leo, ambao wanakilima tangu miaka ipatayo 8,000 iliyopita.

Na hao ndio waliokuwa na jibu. Kule juu, mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai jalidi inashuka na mchana jua linawaka. Basi watu wanatandaza viazi uwanjani usiku vikagande, asubuhi vikilainika wanavikanyaga kwa miguu mpaka maji yatoke, wanaviacha juani, na kesho tena hivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa kinabaki kitu chepesi, kikavu, cheusi kama kijiwe. Hicho kinaitwa chuño. Kinakaa miaka bila ya kuharibika, ukikitaka unakiroweka unapika. Na mle mlimo viazi vyenyewe vingine ni vichungu, vina sumu kidogo, na kazi hii ya kugandisha na kukamua ndiyo inayovifanya viliwe. Wafalme wa Inka walikuwa na maghala ya mawe kando ya njia zao kuu, na chuño ilikuwa miongoni mwa akiba zilizokaa humo, kwa jeshi na kwa mwaka wa shida.

Wahispania walipokuja waliiona haraka faida yake. Pedro Cieza de León, ambaye kitabu chake kilitoka 1553, anaeleza kuwa wako Wahispania waliotajirika kwa kupeleka chuño tu kuuza kwenye machimbo ya fedha ya Potosí. Yaani Muhindi anachimba fedha na anakula kiazi kikavu cha babu yake, alichouziwa na mgeni. Fedha ile ikapigwa sarafu zikazunguka dunia nzima, na zikatufikia na sisi pwani. Neno letu riale asili yake ni real ya Kihispania. Hebu fikirini, ni nani aliyekuwa akilishwa nini ili riale ile ifike Malindi.

Jambo la pili la watu wa Andes ni kwamba hawakupanda aina moja. Mpaka leo aina za kienyeji zinazojulikana ni zaidi ya 4,000, na kishamba cha familia moja kinaweza kuwa na makumi ya aina pamoja: ya mapema, ya kuchelewa, ya kustahamili baridi, ya kuweka. Baadhi zikifa, nyengine zinabaki. Bima yao ilikuwa imo ndani ya udongo.

Safari ya kwenda Ulaya naipita mbio. Iko hati ya 1567 ya mapipa ya viazi yaliyopakiwa Las Palmas, visiwa vya Canary, kwenda Antwerp. Kilichosafiri ni aina chache tu. Chuño haikusafiri, kwa sababu Ulaya haina usiku ule wa jalidi na mchana ule wa jua kwa pamoja. Kwa hivyo Ulaya ilipokea chakula bila ya elimu yake ya kukiweka. Naomba mlishike hilo, maana sasa tunakwenda Ireland.

Ireland ndipo mahali ambapo watu wengi kabisa walijaribu kuishi kwa mbatata za nyumbani mwaka mzima. Hawakuipenda hali hiyo, walisukumwa. Ardhi karibu yote ilikuwa ya mabwana wakubwa, wengi wakiishi Uingereza, na hesabu ilikuwa hivi: ngano, shayiri, siagi na nguruwe ni vya kulipia kodi, mbatata ndiyo ya tumbo. Eka moja ya mbatata inalisha watu mara mbili au zaidi ya eka ya nafaka. Maskini wa chini kabisa hakuwa hata na hiyo eka. Alikodi kipande kwa msimu mmoja tu, wa kupanda na kuvuna, au alipewa kipande na kibanda akalipa kwa kumfanyia kazi mwenye shamba.

Mwanamme mzima wa kazi alikula ratili 12 mpaka 14 kwa siku, yaani kilo 5 na nusu mpaka zaidi ya 6. Ndiyo, kwa siku, msicheke. Na maziwa yaliyotolewa siagi juu yake, basi. Kwa lishe si chakula kibaya hata kidogo, viazi na maziwa vinamtosheleza mtu takriban kila kitu. Eka moja ilitoa tani 6 hivi. Ukitoa mbegu ya mwakani na sehemu ya nguruwe, familia ya watu sita inafika, kwa kubanabana. Inafika wapi? Hapo ndipo penye ugomvi.

Walivuna Septemba na Oktoba. Waliweka shimoni, au walirundika wakafunika majani makavu na udongo. Ikifika Mei, au tuseme Juni kwa mwenye bahati, rundo limekwisha au limechipua lote. Mpya haziwi tayari mpaka Agosti. Julai waliuita kwa lugha yao Julai ya kabichi, kwa sababu ndiyo ilikuwa chakula. Yalikuwa mambo ya kila mwaka, si ajali. Mume anavuka bahari kwenda Uingereza au Uskochi kuvuna ngano za watu, mke anafunga mlango wa kibanda, anabeba watoto anaingia barabarani kuomba, mbali na kijiji chake ili asijulikane. Mwengine anakopa unga kwa mfanyabiashara kwa riba ya kukata shingo. Tume ya serikali iliyoongozwa na Askofu Mkuu Richard Whately ilikadiria mwaka 1836 kwamba watu 2,385,000 wanakaa katika dhiki wiki 30 za kila mwaka. Na hiyo ni kabla ya ugonjwa wowote.

Watu hawa walishaonywa karne moja kabla. Majira ya baridi ya 1739 kuingia 1740, jalidi iliingia ardhini kina cha kutosha kuziua mbatata zilizoachwa shambani na zilizofunikwa vichuguuni. Akiba yote na mbegu yote, kwa wiki chache. Walikufa zaidi ya watu laki tatu katika nchi ya watu milioni 2 na nusu hivi. Ile haikuwa shida ya mavuno, mavuno yalikuwa yameshapatikana. Ilikuwa shida ya kuweka.

Baadaye ikaja aina inayoitwa Lumper, iliyotoka Uskochi mwanzoni mwa karne ya 19. Kubwa, ya majimaji, haina ladha ya kusifiwa, lakini inazaa hata kwenye ardhi mbovu, na ardhi mbovu ndiyo aliyoachiwa maskini. Hapa inafaa tukumbuke mbatata inapandwa kwa kiazi chenyewe, si kwa mbegu ya ua. Kwa hivyo Lumper zote za Ireland zilikuwa mmea mmoja uliokatwa vipande mamilioni. Ugonjwa ukimuweza mmoja umewaweza wote.

Ugonjwa ukaja Septemba 1845, wakati huo Seyyid Said yuko Unguja na mikarafuu yake. Ndio ule ambao wakulima wetu wanauita ukungu au baka jani. Mwaka wa kwanza ulichukua baina ya theluthi na nusu ya mavuno. Mwaka 1846 ulichukua karibu yote. Mwaka 1847 ugonjwa ulikuwa mdogo, lakini nani alikuwa na cha kupanda? Mbegu ilikuwa imeshaliwa. Eka zilizopandwa, zilizokuwa milioni 2 hivi mwaka 1845, zikashuka chini ya laki tatu. Waliobahatika kupanda 1848, ukungu ukarudi tena.

Waziri Mkuu Robert Peel alinunua kwa siri mahindi Marekani mwishoni mwa 1845, ya pauni 100,000. Mahindi makavu, magumu, mashine za kusaga hazipo, na watu hawajawahi kuyaona. Waliyapika nusu nusu yakawaumiza matumbo, wakayapa jina kiberiti cha Peel kwa ule umanjano wake. Sisi tuliokuzwa kwa ugali tunaweza kutabasamu, lakini chakula kisicho na mpishi wake ni kama dawa isiyo na maelezo.

Sitaki kurudia hapa ule mjadala kama Waingereza walikusudia au hawakukusudia. Wenye kusema nafaka na siagi ziliendelea kupakiwa melini watu wakifa wanasema kweli. Wenye kujibu kwamba mwaka 1847 nafaka iliyoingia ilizidi iliyotoka nao wanasema kweli. Asiyekuwa na pesa hakuna meli iliyomfaa, ya kuingia wala ya kutoka. Mimi kinachonikaa rohoni ni kifungu kimoja cha sheria ya 1847, kilichopendekezwa na mbunge wa Dublin, William Gregory, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Ceylon. Kifungu kilisema mwenye ardhi zaidi ya robo eka hapewi msaada wa serikali mpaka aiachie. Robo eka ni mita za mraba 1,000. Yaani mtu achague: ale leo na asiwe na pa kupanda milele, au abaki na shamba lake afe nalo. Waliochagua msaada walitolewa, na wengi vibanda vyao vilibomolewa wakitizama.

Sultan Abdulmejid wa Istanbul alituma pauni 1,000 mwaka 1847, na wakubwa wa Ireland walimuandikia barua ya shukrani. Maquaker nao walifungua majiko ya supu bila ya kumuuliza mtu dini yake. Lakini hesabu ya mwisho ni watu milioni moja waliokufa na zaidi ya milioni moja waliohama. Sensa ya 1841 iliwakuta watu 8,175,000, ya 1851 ikawakuta 6,552,000. Kisiwa kizima, kaskazini na kusini, mpaka leo hakijarudi idadi ya 1841.

Tukiwageukia Waingereza wenyewe, wao nao waliulizwa suali letu wakati wa vita. Sheria ya vishamba ya 1908 iliwapa wananchi haki ya kudai vishamba kwa halmashauri zao, na kipimo cha kawaida mpaka leo ni mita za mraba 250 hivi. Vita vya pili vilipoanza, Oktoba 1939, Waziri wa Kilimo Reginald Dorman-Smith aliwahimiza watu walime, akaahidi kwamba vishamba nusu milioni zaidi vitawalisha mbatata na mboga watu wazima milioni moja na watoto milioni moja na nusu. Kwa muda gani? Miezi minane ya mwaka. Nilipoisoma ahadi hiyo mara ya kwanza nilifurahi peke yangu kama mtu aliyepata senti barabarani. Serikali nzima, ina mabango, ina redio, ina kikaragosi cha kiazi kinachocheka kiitwacho Potato Pete, nayo imefika miezi minane tu!

Katika vita mbatata hazikuwekewa mgao. Ziliwekewa baada ya vita, Novemba 1947, ratili 3 kwa mtu kwa wiki. Ile baridi kali ya mwanzo wa 1947 ilikuwa imeingia vichuguuni ikaharibu akiba, na mavuno yaliyofuata hayakutosha. Mchezo ule ule wa 1740, isipokuwa safari hii palikuwa na kadi za mgao, meli na pesa, kwa hivyo watu walinung'unika tu na hawakufa.

Sasa hesabu ya nyumbani, kwa wale walionitumia masuali ya pembeni. Familia ya watu watano wanaokula mbatata kilo moja kwa siku, kwa mwaka ni kilo 365. Kwa mavuno ya Ireland ya zamani, kilo moja na nusu kwa mita ya mraba, kishamba cha mita 250 chote kikiwa mbatata kinatoa 375. Inafika, lakini hupandi hata kitunguu. Kwa mbegu safi za leo na mbolea, kilo mbili na nusu ni kawaida, unaweza kupata hata tatu, basi nusu ya kishamba inatosha. Tatizo ni kwamba mbatata haitaki kurudi pale pale kila mwaka. Kuna vijidudu vya mizizi na maradhi yanayobaki udongoni, inatakiwa miaka mitatu minne ipite. Kwa hivyo kila mwaka unaipa robo ya shamba, unavuna kilo 150 au 180, na hiyo ni chakula cha miezi mitano au sita. Wazee wangu wenye vishamba viwili viwili wanakaribia kusema kweli. Wenye kimoja, mimi nawasikiliza kwa adabu tu.

Na bado Mei ipo pale pale. Za kuweka zinavunwa Septemba, zinakaa kwenye gunia la juti, gizani, mahali pa baridi lakini pasipogandisha. Mwanga ukizipata zinageuka kijani na zinakuwa na sumu. Aprili zinaanza kutoa macho. Za mapema, ukizipanda Machi na kuzifunika usiku wa baridi, utachimbua katikati ya Juni. Karne mbili za sayansi zimelibana pengo kutoka miezi miwili mitatu hadi wiki sita saba. Wanaoliziba kabisa ni wenye maghala ya mashine za baridi, na Wamisri. Tizameni mfuko wa mbatata mpya katika duka kubwa la hapa mwezi wa Aprili, mara nyingi umeandikwa Misri.

Kwetu Afrika Mashariki kisa ni chengine, ndiyo maana nasita ninapoona watu wanatafsiri vitabu vya Kizungu vya bustani wakavipeleka Mbeya kama vilivyo. Nyandarua, Meru, Njombe, Musanze, Kivu, hizo ni nchi za milima karibu na mstari wa ikweta. Jalidi haiwafungii mkulima miezi sita, na penye mvua mbili kwa mwaka anapanda mara mbili. Kuna mbatata ardhini karibu kila wakati, na ardhi ndiyo ghala. Wao pengo lao kubwa ni la bei: wote wanavuna pamoja, gunia linauzwa kwa hasara, na miezi michache mbele wanazinunua kwa ghali.

Lakini ukungu tunao. Kenya uliripotiwa mwaka 1941. Na tuna jambo jengine linalonifanya niikumbuke Lumper. Soko la Kenya kwa sehemu kubwa sasa linategemea aina moja, Shangi. Wakulima wameipenda kwa sababu inakua upesi na inachipua upesi, ukivuna leo baada ya muda mfupi una mbegu ya msimu ujao. Sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake jikoni, haikai. Siwatishi watu, mkulima wa Kinangop ana dawa ya kupuliza, ana mahindi na maharage pembeni, na wengi wana ardhi yao wenyewe, vitu ambavyo mtu wa Ireland hakuwa navyo. Lakini dawa ni pesa kila msimu, na aina moja ni aina moja.

Wenzetu mliokulia huko milimani, nawaomba mtuandikie bibi zenu walifanya nini baina ya msimu na msimu. Waliziacha shambani wakachimbua kidogo kidogo? Walizitia majivu? Walikuwa na aina ya kuweka na aina ya kula leo, na majina yake ni yapi? Vitabu vya Ireland vinajaza kabati zima, na haya ya kwetu yamo vichwani mwa watu wa umri wa miaka themanini.

Wasalaam.